Mnara wa Taa wa Chumbe: Mali ya Zamani Yaleta Riziki

Vikundi vyetu huuliza kila mara: mradi tutaanza na nini, na mkononi hatuna kitu? Leo twendeni Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar.

Mwaka wa 1904, wakati wa Waingereza, mnara wa taa ulijengwa hapo ili kuwaonya mabaharia usiku, maana chombo kikipanda mwamba, watu na mizigo hupotea. Mwaka wa 1926 uliwekewa taa ya gesi. Mlinzi wa taa alikuwa na nyumba yake, na karibu yake msikiti mdogo. Baadaye nyumba ile ikabaki gofu.

Lakini chini ya mnara palikuwa na utajiri mwingine. Matumbawe ya upande wa magharibi yalikuwa bado mazima, wakati kwingine pwani yameharibiwa na baruti na nyavu za kukokota. Basi mwaka wa 1994 Serikali ya Zanzibar ilipiga marufuku uvuvi hapo, na kampuni moja ikapewa kazi ya kutunza hifadhi. Lile gofu likajengwa upya, likawa kituo cha wageni.

Je, wavuvi walifukuzwa tu? La. Baadhi yao, wa vijiji vya jirani, walifunzwa kuwa walinzi. Hawabebi bunduki. Humfikia mvuvi mwenzao na kumweleza: samaki wakizaana kwa amani hapa, wengine watatoka nje ya mpaka na kuingia mitegoni mwako. Kumkataza mtu mahali pa kuvua si jambo jepesi. Afadhali alisikie kwa mtu anayeijua njaa ya mvuvi.

Leo wageni hupanda ngazi hadi juu ya mnara na kuona bahari pande zote. Huogelea juu ya matumbawe, na usiku huona kaa wakubwa wa minazi. Nyumba za kulala ni 7 tu, zenye umeme wa jua na maji ya mvua. Pesa za wageni hulipa walinzi, na watoto wa shule huletwa kujifunza.

Tunajifunza nini?

1. Kitu cha zamani si takataka. Kikaguliwe kwanza.
2. Anayepoteza riziki kwa ajili ya mradi awe wa kwanza kupewa kazi.
3. Wageni wachache wanaotunzwa vizuri wanaweza kuendesha mradi.

Katika mkutano wenu ujao, ulizaneni: hapa kwetu, ni kitu gani tunakipita kila siku bila kukiona?