Bodi ya Wakurugenzi: Kikao cha Kuitikia au cha Kuuliza?

Neno mkurugenzi limebebeshwa mzigo wa watu wawili. Yupo mkurugenzi mtendaji, aendeshaye shughuli za kampuni kila siku. Na yupo mkurugenzi wa bodi, ambaye kazi yake ni kumsimamia huyo wa kwanza kwa niaba ya wenye hisa. Mkanganyiko huu si wa msamiati tu. Bodi nyingi huzorota pale msimamizi anapojiona mwandani wa msimamiwa.

Aghalabu hudhaniwa kwamba bodi huimarishwa kwa kuongezewa wasomi. Kisa cha Enron, kampuni ya nishati ya Houston, Marekani, chapinga dhana hiyo. Kamati yake ya ukaguzi iliongozwa na Robert Jaedicke, profesa wa uhasibu aliyewahi kuwa mkuu wa kitivo cha biashara katika Chuo Kikuu cha Stanford. Hata hivyo, mwaka 1999 bodi iliruhusu mara mbili kanuni za maadili ziwekwe kando ili afisa mkuu wa fedha, Andrew Fastow, asimamie ubia wake binafsi uliofanya biashara na Enron. Yaani, mtu mmoja akawa muuzaji na mnunuzi. Desemba 2001 Enron ilifilisika. Maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi pamoja na akiba ya uzeeni. Julai 2002, ripoti ya kamati ndogo ya Seneti iliilaumu bodi kwa kupuuza dalili zilizokuwa mbele yake.

Elimu basi haikukosekana. Lililokosekana ni swali. Na swali lina masharti yake. Mjumbe anayekabidhiwa kabrasha nene mlangoni mwa ukumbi atauliza nini? Hati zapaswa kumfikia siku kadhaa kabla ya kikao. Mwenyekiti naye asiwe ndiye mtendaji mkuu, kama alivyokuwa Kenneth Lay mwaka huo wa 1999, kwani hapo mtahiniwa hujisahihishia karatasi. Tena ni heri mwenyekiti atoe rai yake mwisho. Akitangulia, wengine wataitikia. Kanuni za Soko la Hisa la New York zilizoidhinishwa 2003 ziliwataka wakurugenzi wasio watendaji wakutane peke yao mara kwa mara, maana ni vigumu kumjadili mtu aliyeketi mkabala nawe.

Kwetu Kenya, mashirika ya serikali yalipata kanuni zao mwaka 2015, nazo zikaitwa Mwongozo. (Jina ni la Kiswahili, matini ni ya Kiingereza, wafasiri wetu wana kazi hapo.) Zilitaka, pamoja na mengine, bodi ijitathmini kila mwaka. Tathmini hiyo ningeianzia kwenye kumbukumbu za vikao: ni mara ngapi pendekezo la watendaji lilirudishwa likafanyiwe kazi upya?