Bidhaa za Usafi Ziendazo Marekani: Sehemu ya Pili

Katika makala yaliyopita tulizungumza juu ya ushuru na hati za forodha, mambo ambayo mfanyabiashara mzoefu huyajua barabara. Leo tunaufikia mlango ambao wengi hawautazamii, nao ni usajili wa bidhaa zenyewe. Jambo la kwanza limpasalo msomaji kulifahamu ni kwamba sheria ya Marekani, inapoikabili chupa ya dawa ya kusafishia nyumba, haianzi kwa kuuliza kilichomo ndani, bali huuliza kwanza muuzaji amedai nini juu yake. Jiki iliyotoka katika pipa moja, ikiuzwa kwa maneno kwamba hung'arisha nguo nyeupe na kuondoa madoa, haina haja ya kuandikishwa katika daftari la viuatilifu. Lakini pindi lebo isemapo kwamba huua vijidudu vya sakafuni na chooni, jiki ile ile imekwisha kuwa kiuatilifu mbele ya sheria, imewekwa safu moja na sumu ya panya na dawa ya mbu, na kuiingiza nchini pasipo nambari ya usajili ni kosa.

Ujirani huo wa jiki na sumu ya panya una historia yake. Sheria ya 1910 ilikusudia zaidi kuwakinga wakulima na ghashi za wauza dawa; ile iliyotiwa sahihi na Rais Truman tarehe 25 Juni 1947 ndiyo iliyoamuru kwamba viuatilifu vyote, dawa za kuua vijidudu zikiwamo, viandikishwe kwa Wizara ya Kilimo kabla ya kuuzwa kutoka jimbo hata jimbo. Lakini sheria hiyo ilikuwa na mwanya wa ajabu: Wizara ikikataa, tajiri aliweza kushurutisha bidhaa yake iandikwe daftarini vivyo hivyo, kwa kile kilichoitwa usajili wa kupinga, naye akaendelea kuiuza. Mwanya huo haukuzibwa mpaka 1964, na mwaka 1970 kazi yote ikahamishiwa kwa Shirika la Kulinda Mazingira, lijulikanalo kwa herufi za EPA.

Sabuni ya mwili ina mashaka yake ya peke yake, maana sheria ya viuatilifu haihusiki na vijidudu vilivyo katika mwili wa mwanadamu. Chukua kipande cha sabuni ya mafuta ya nazi na mwani, kama zile zitengenezwazo Zanzibar. Ikiwa ni sabuni halisi, yaani mafuta yaliyopikwa na magadi makali, na lebo inasema kwamba husafisha tu, wala haiongezi neno, usimamizi wake ni wa Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji. Ikisema kwamba hulainisha ngozi, ni kipodozi, nayo iko chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo kwa sheria iliyopitishwa Desemba 2022 inataka viwanda viandikishwe na bidhaa ziorodheshwe. Ikisema kwamba huua bakteria, imekuwa dawa, na hapo mambo ni mazito: mwezi wa Septemba 2016 mamlaka hiyo ilipiga marufuku viambato 19 katika sabuni za namna hii, triklosani kikiwa kimojawapo, kwa hoja kwamba watengenezaji hawakuthibitisha kuwa ni salama kwa matumizi ya kila siku wala kuwa vinashinda sabuni ya kawaida na maji.

Turudi kwa dawa za sakafu na meza. Mwenye kudai kwamba dawa yake hupunguza vijidudu juu ya vitu visivyogusana na chakula hutakiwa aonyeshe kwamba asilimia 99.9 ya bakteria wamekufa katika muda usiozidi dakika 5, na kwa vyombo vya chakula ni asilimia 99.999 katika sekunde 30. Kwa hiyo hesabu ile tuisikiayo kila siku katika matangazo si pambo tu. Atakaye daraja ya juu, ya dawa ya hospitali, hupimiwa kwa njia ambayo kwa muda mrefu imekuwa hivi: vipande vidogo vya chuma kisichoshika kutu huchovywa katika maji yenye bakteria, hukaushwa, hutiwa ndani ya dawa kwa muda ulioandikwa katika lebo, kisha huhamishiwa katika chakula cha bakteria ili ionekane kama yuko aliyesalimika. Zaidi ya hayo kuna majaribio sita ya madhara: ya kumeza, kugusa ngozi, kuvuta pumzi, kuwasha macho, kuwasha ngozi na kuleta mzio.

Nani mwenye mali ya kugharimia hayo yote? Sheria humruhusu mgeni ategemee uthibitisho uliokwisha kutolewa na aliyemtangulia, lakini kwa malipo: kwa kiambato kipya mtangulizi ana haki ya peke yake kwa miaka 10, na fidia ya takwimu hudaiwa kwa miaka 15. Ni kaida ya haki, kwa kuwa aliyetumia fedha zake hastahili kunyang'anywa matunda yake, ila mimi naona kwamba huwanenepesha walionenepa. Kwa mtengenezaji mdogo njia nyepesi ni kupatana na mwenye usajili, auze dawa ya yule kwa jina lake mwenyewe, jambo ambalo sheria imelihalalisha.

Lebo nayo husomwa neno kwa neno. Ni marufuku kuandika kwamba dawa ni salama au haina sumu, ijapokuwa mtengenezaji anaamini hivyo kwa dhati. Na onyo la kuiweka mbali na watoto ni lazima, kwa Kiingereza. Mwaka 2020, wakati wa korona, vifaa vya kuvaa shingoni viitwavyo Virus Shut Out, vilivyodaiwa kumkinga mvaaji na virusi, vilizuiliwa Honolulu na Guam kwa kuwa havikuwa na usajili, na mwezi wa Juni EPA ikawaamuru Amazon na eBay waache kuuza bidhaa za jinsi hiyo. Lakini hata Lysol, dawa ya kupuliza yenye nambari 777-99, iliyokuwamo daftarini tangu zamani, ilibidi ipimwe na kupewa idhini mpya mwezi wa Julai ndipo iruhusiwe kudai kwamba imejaribiwa juu ya virusi hivyo na kuvishinda.

Mtengenezaji wa nchi ya nje aongeze mambo matatu: awe na wakili akaaye Marekani; kiwanda chake kipewe nambari, na kila mwaka kabla ya tarehe 1 Machi kitoe taarifa ya kilichotengenezwa; na hati ya kuwasili ipelekwe kwa EPA kabla shehena haijafika bandarini. Akisha kuyatimiza hayo amepata idhini ya serikali kuu peke yake, maana kila jimbo lina daftari lake, na la California, ambalo lina idara yake ya viuatilifu na wachunguzi wake wenyewe, tutalieleza katika sehemu ya tatu.