Mashini ya kusafisha pisini: uliza kwanza pompi yako, kisha ufungue mfuko

Mwisho wa kiangazi, mbele ya mvua ya kwanza, pisini za Kolwezi na Likasi zinafanana zote. Juu kuna majani ya muembe, chini kuna mavumbi mekundu ya barabara za malori. Papa anarudi kutoka kazi ya usiku, watoto wanamuuliza: "Papa, leo tutaoga?" Anaangalia mayi, haoni chini. Anajibu: "Bado."

Tulitembelea lupangu moja ya namna hiyo. Mwenye nyumba ni fundi wa pompi katika mgodi. Nyumba ni ya zamani, ya wakati wa makada, na pisini yake ilikaa miaka mingi bila mayi. Mama alikuwa anaanika muhogo ndani yake. Waliitengeneza kwa ajili ya watoto, na pia ju ya franga: siku ya yenga mama anakodisha lupangu kwa sikukuu za watoto, na ile franga inasaidia kulipa masomo. Njo maana mayi machafu mu nyumba ile si haya tu, ni hasara.

Kwa hiyo papa alinunua mashini ya kusafisha yenyewe. Alituambia hivi:

"Nilitosha franga ya miezi miwili, nikaleta ile ya kunyonya. Siku tatu tu, ikasimama katikati ya mayi sawa kobe. Mi nikasema bananiuzisha mashini mubaya. Kumbe pompi njo ilikuwa inachoka. Mi fundi wa pompi! Ku kazi siwezi kufunga tiyo bila kuuliza mayi ngapi inapita. Ku nyumba nikasahau yote."

Tulicheka pamoja naye, lakini neno lake ni la kweli. Wengi wetu tunanunua mashini hizi kwa kuangalia bei na rangi. Inafaa kuuliza maswali matatu: uchafu wangu ni wa namna gani? Pompi yangu iko na nguvu gani? Umeme wangu unakaa saa ngapi?

Mashini hizi ni za namna tatu.

Ya kwanza ni ya kunyonya. Haina mota. Inafungwa kwa tiyo ndefu kwenye tundu la pembeni ambamo pompi inavuta mayi, na nguvu ya pompi inaitembeza chini ya pisini. Mashini ya namna hii iliyojulikana sana, Kreepy Krauly, iko na kitu cha kwetu: ilitengenezwa mwaka 1974 kule Springs, mji wa migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, na Ferdinand Chauvier, fundi wa mambo ya mayi aliyehamia kule akitoka Kongo ya Wabelgiji. Uzuri wake: bei ni ndogo kuliko zingine, na vipande vyake ni vichache. Ubaya wake: uchafu wote unaenda mu filtri ya pisini, na pompi ikiwa dhaifu, mashini haitembei. Majani mengi yanaziba tiyo. Tena kila saa mashini inafanya kazi, pompi kubwa inafanya kazi pia.

Ya pili ni ya kusukumwa. Hii inatumia mayi yanayorudi kutoka pompi, na uchafu unaingia mu mfuko wake yenyewe. Majani na changarawe haviisumbui sana. Lakini nyingi kati yake zinaomba pompi ya pili, ndogo, ya kuongeza nguvu. Pompi mbili ni umeme mara mbili na fundi mara mbili. Kama mwenye duka hakukuambia habari ya pompi ya pili, umuulize mbele ya kulipa.

Ya tatu ni roboti ya umeme. Iko na mota yake, brosi zake na filtri yake ndani ya tumbo. Haiombi kitu ku pompi yako. Transfo inageuza umeme wa nyumba kuwa umeme mdogo, karibu volti 24 mpaka 30. Bei ni kubwa, lakini tupige hesabu. Pompi ya nguvu ya farasi moja inakula karibu wati 1000. Ukiitembeza saa 3 kwa ajili ya mashini ya kunyonya, ni kilowati-saa 3. Roboti ya wati 180 ikifanya kazi saa 2, haifiki hata nusu ya kilowati-saa moja. Kwa mtu anayetumia grupu na kununua mafuta, hii si tofauti ndogo. Lakini tusidanganyane: hata ukiwa na roboti, pompi lazima itembee kila siku kwa kuchuja mayi na kupeleka klori kila kona.

Kuna pia roboti za betri, zisizo na kamba. Unaichaji wakati umeme uko, unaitumia wakati umeme umeenda. Nyingi zinatembea saa moja mpaka mbili. Mu nyumba ambamo umeme unakuja na kwenda, hilo ni jambo kubwa. Lakini betri inazeeka. Uliza kama inauzwa peke yake. Kama hapana, siku betri inakufa, mashini nzima imekufa.

Sasa turudi ku uchafu. Wale wa usine wanajua: tope likiachwa litulie, linashuka, mayi ya juu yanakuwa safi. Mavumbi yetu mekundu ni hivyo hivyo. Zima pompi usiku, acha mayi yatulie, asubuhi peleka mashini polepole. Ukichukua roboti, omba yenye filtri ya matundu madogo sana kwa wakati wa mavumbi, na nyingine ya matundu makubwa kwa wakati wa majani. Kama iko na matundu makubwa tu, itakusanya mavumbi mbele na kuyatupa nyuma, na utasema wamekuibia.

Angalia pia ukuta wa pisini. Karo zinateleza: brosi za mpira hazishiki vizuri, omba za sponji. Simenti yenye rangi inakubali mpira. Kisha pima kamba. Pisini ya mita 10 kwa 5, kutoka kona mpaka kona ni mita 11 na kidogo. Ongeza mita 3 na nusu za kuweka transfo mbali na mayi, na mita 2 za kushuka chini: unafika karibu 17. Kamba ya mita 18 itatosha, ya mita 12 itakuacha njiani.

Na vipande? Brosi na mikanda vinaisha. Mali nyingi zinatufikia kwa barabara ya Kasumbalesa, na kungojea mukanda mmoja kunaweza kuchukua wiki nyingi. Nunua mashini ambayo mtu mjini anaijua kuifungua, na ununue mukanda wa akiba siku ile ile.

Mashini yoyote haiui vijidudu. Mayi ya kijani haiwezi kuyaponya: hiyo ni kazi ya klori, brosi na filtri safi, na pH kati ya 7,2 na 7,6. Usichanganye klori na asidi hata kidogo, moshi wake unaua. Ngazi na kona, mashini nyingi zinaziruka. Njo maana yule kijana anayepiga brosi msimfukuze ju ya roboti. Nani atasafisha filtri, nani ataiinua kutoka mayi bila kuivuta kwa kamba?

Transfo isikae ku mvua, na prizi ipite mu dijonkteri ya usalama ya miliamperi 30. Mashini ikiwa ndani ya mayi, mtu asiingie, hata mguu. Na kama franga inatosha kwa kitu kimoja tu, kati ya roboti na uzio wenye mlango wa kufunga, chukua uzio. Mtoto anazama kimya, bila kupiga kelele, kwa dakika chache.

Tulimuuliza yule papa alifanya nini na kobe wake. Hakununua mashini nyingine. Siku moja ya mapumziko alikaa chini kando ya pompi yake, sawa anavyokaa ku kazi. Akaona mpira wa kifuniko umepasuka na pompi inanyonya hewa. Filtri ya mchanga ilikuwa imejaa. Akabadilisha mpira, akasafisha mchanga kwa kurudisha mayi nyuma, akafunga kikapu cha kushika majani katikati ya tiyo. Mashini ikatembea.

"Mupira wa franga kidogo," alisema, akitikisa kichwa. "Na mi nilikuwa tayari kuuzisha velo."

Mama yeye haamini mashini, wala haamini bwana yake. Kila siku ya yenga, mbele ya kufungua mlango wa uzio, anatupa kifuniko cha chupa mahali ambapo mayi ni marefu zaidi. Akikiona vizuri akiwa amesimama juu, watoto wanaingia na yeye anakaa kando, anawaangalia. Asipokiona, anarudisha franga ya watu.

"Kama siwezi kuona kifuniko," alituambia, "mutoto nitamuona namna gani?"