Shetani Asiyetajwa Jina: Kaya Bombo, Kinjeketile na Vita vya Kiapo

Utangulizi

Kuna kisa kinachorudiwa mara kwa mara katika hadithi za kubuni za mataifa mengi. Watu wenye dhiki ya kweli wanaitwa vitani kwa jina la jambo takatifu. Wanakula kiapo, wanapewa kinga, wanaahidiwa nchi. Wanapigana kwa ushujaa, lakini vita vyenyewe vimekwisha kushindwa kabla havijaanza, maana aliyevianzisha ni shetani aliyejificha, na haja yake ni tofauti kabisa na haja ya wapiganaji. Msomaji anayekutana na kisa cha aina hii kitabuni huweza kukichukulia kuwa ni njozi ya mwandishi tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pwani ya kusini mwa Kenya ilikipitia kisa hicho mwaka wa 1997, katika machafuko ya Likoni na Kwale yanayokumbukwa kwa jina la Kaya Bombo. Tutaeleza kwanza dhana ya shetani jinsi inavyoeleweka Kwale, kisha historia ya kiapo miongoni mwa Wamijikenda, halafu matukio yenyewe. Mwishoni tutayasoma matukio hayo sambamba na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969). Hoja yetu ni kwamba vijana wa Kaya Bombo walikuwa na malalamiko ya haki, ila hakuna aliyeuliza swali ambalo mganga yeyote wa Udigo huliuliza kabla ya kutoa tiba.

Kiti, pepo na mganga

Kuanzia Ngombeni hadi Msambweni, neno shetani lina maana pana kuliko ile inayopatikana katika mafundisho ya dini. Shetani, au pepo, ana asili yake, lugha yake na matakwa yake. Wapo wa baharini na wapo wa nchi kavu, wapo wa Kiarabu na wapo wa bara. Pepo hupanda kichwani mwa mtu, na mtu huyo huitwa kiti. Kinywa huwa ni cha kiti, lakini maneno ni ya pepo. Kiti huweza kucheza, kulia, kutisha watu na hata kujiumiza, na mambo yakitulia asikumbuke alilolitenda.

Kazi ya kwanza ya mganga ni kumtambua mgeni huyo. Ngoma hupigwa, ubani hufukizwa, na pepo huulizwa: wewe ni nani, watoka wapi, wataka nini? Pepo asipotaja jina na haja yake, mganga hana la kufanya. Akishataja, watu huweza kujadiliana naye, kumridhisha au kumpunga.

Utaratibu huu tunautumia hapa kama chombo cha uchambuzi. Hatukusudii kuthibitisha wala kukanusha imani ya mtu. Tunachokitaka ni yale maswali matatu.

Kiapo na kaya

Kaya zilikuwa makazi ya Wamijikenda yaliyozungukwa na msitu mzito. Hata baada ya watu kuhamia nje, kaya zilibaki mahali pa maziko, pa sala na pa baraza la wazee. Ndani yake huzikwa fingo, dawa ya kuilinda jamii. Heshima ya misitu hii ilitambuliwa ulimwenguni mwaka wa 2008, pale UNESCO ilipoiingiza baadhi yake, ikiwemo Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kiapo nacho kina historia yake. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo, wakala viapo viwili, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, ili wasishirikiane na serikali ya Waingereza iliyotaka kodi na vibarua. Waingereza walimhamishia mbali na mwaka wa 1914 wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama walishindwa kwa silaha, lakini kiapo chao kilikuwa na wenyewe. Kila aliyekula alimjua aliyemlisha, alijua ni nani anayepingwa, na alijua kinachodaiwa.

Kwa hiyo kumchukua kijana usiku hadi ndani ya kaya na kumlisha kiapo ni kumsemesha kwa lugha ambayo babu zake waliiheshimu. Aliyekichagua Kaya Bombo, msitu ulio katika sehemu ya Matuga, kuwa kituo cha viapo na mazoezi, aliijua vyema thamani ya lugha hiyo.

Dhiki iliyokuwapo

Ni kosa kudhani kwamba vijana hao walidanganywa kwa jambo lisilokuwapo. Mizizi ya dhiki ya ardhi katika pwani inarudi nyuma hadi utawala wa Sultani wa Zanzibar juu ya ukanda wa maili kumi, na sheria ya hatimiliki ya mwaka wa 1908 ambayo iliwaacha Wamijikenda wengi bila cheti cha ardhi waliyoilima. Baada ya uhuru, familia nyingi ziliendelea kuishi kama maskwota katika ardhi zilizokuwa na wenyewe kwa karatasi. Viwanja vya ufuo wa Diani vilijengwa mahoteli, lakini vijana wa vijiji vya nyuma yake walilalamika kuwa kazi nzuri zilikwenda kwa wageni. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokuwa tegemeo la wengi upande wa Msambweni, kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Katiba ya majimbo ya mwaka wa 1963, ambayo watu wengi wa pwani waliitumainia, ilikuwa imefutwa zamani.

Shetani mwerevu hampandi mtu asiye na kidonda. Huingilia hapo hapo palipo na maumivu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe katika kisa hiki ilikuwa dhiki ambayo kila kijana wa Kwale aliivaa.

Kaya Bombo, 1997

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi la wanaume lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha polisi cha kivukoni. Askari 6 waliuawa na bunduki zaidi ya 40 zikaporwa. Vibanda vya biashara na nyumba zilichomwa, na watu wenye asili ya bara, wakiwemo Waluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu, wakatakiwa waondoke. Mashambulizi yalienea kusini hadi sehemu za Kwale na yakaendelea kwa wiki kadhaa. Kufikia mwisho, watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa na takriban watu 100,000 wamehama makwao. Wengi wa waliokimbia walipata hifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni.

Wavamizi, ambao wengi wao walikuwa Wadigo, walikuwa wamelishwa kiapo cha siri na kufanyiwa uganga. Waliamini kwamba kinga waliyopewa ingewazuia kuguswa na risasi. Walifunzwa pia mbinu za vita na watu waliowahi kutumikia majeshi. Inafaa kusisitiza kwamba vita hivi havikuwa jihadi. Ingawa wapiganaji wengi walikuwa Waislamu, utakatifu waliouegemea ulikuwa wa kaya na kiapo, na aliyelengwa alilengwa kwa sababu ya asili yake.

Sasa na tuulize maswali ya mganga. Ni nani aliyepanda kichwani? Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 29 Desemba mwaka huo huo. Likoni ilikuwa na wapiga kura wengi wa kutoka bara, ambao mwaka wa 1992 waliviunga mkono vyama vya upinzani. Wakifukuzwa, kura zao zinaondoka nao. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka wa 2002, liliwahoji baadhi ya wavamizi na kuonyesha kuwa wanasiasa waliohusiana na chama tawala cha KANU walishiriki katika kuyachochea na kuyasaidia machafuko. Ilibainika pia kwamba taarifa za viapo na mikusanyiko zilikuwa zimevifikia vyombo vya usalama kabla ya tarehe 13 Agosti, ilhali hatua za kuyazuia mashambulizi hazikuchukuliwa kwa wakati.

Vijana waliitaka ardhi, kazi na majimbo. Aliyewatumia alitaka kura. Haja hizi mbili zilikaa katika kinywa kimoja na kutumia maneno yale yale, hata msikilizaji asiweze kuzitenganisha. Tofauti ilijitokeza baadaye, pale wapiganaji walipongoja msaada walioahidiwa nao usifike. Kiti kilianguka chini, pepo akaenda zake.

Somo la Kinjeketile

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, kusini mwa Tanganyika ya leo ya Tanzania Bara, dhidi ya utawala wa Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji yaliyoaminiwa kuwa yangewakinga na risasi. Alinyongwa Agosti mwaka huo huo, lakini vita viliendelea hadi 1907. Idadi ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Ebrahim Hussein aliichukua historia hiyo akaibunia mhusika anayekaribiana naye kwa jina, Kinjeketile. Katika tamthilia, mhusika huyu anatoka mtoni akiwa na maji na unabii. Anawaambia watu kuwa wataungana na kumshinda Mjerumani. Kisha anaongeza jambo ambalo wasikilizaji wanalipokea kwa furaha bila kulitafakari: kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Ni Kinjeketile mwenyewe anayekuja kushtuka anapoyapima maneno yaliyotoka kinywani mwake. Je, watu wamwage damu ili waondoke mikononi mwa bwana mmoja waingie mikononi mwa mwingine? Anaanza kushuku chanzo cha ujumbe wake. Lakini kufikia hapo watu wamekwisha kuyaamini maji, na hawawezi kurudishwa nyuma.

Hapa ndipo tamthilia inapotusaidia kuielewa Kwale. Swali la Kinjeketile ni swali la tatu la mganga kwa sura nyingine: ni nani atakayekuwa bwana siku ya ushindi? Yeye aliliuliza akiwa amechelewa. Katika Kaya Bombo, usiri wa kiapo ulihakikisha kwamba halikuulizwa kabisa. Siri iliyosemwa kuwa ni ya kumficha adui ilimficha mfadhili pia, na aliyefichwa zaidi ni mpiganaji mwenyewe.

Hata hivyo, ulinganishi huu una mpaka wake. Mwishoni mwa tamthilia, Kinjeketile anakataa kuyakana maji mbele ya Mjerumani, kwa kuwa vizazi vijavyo vingedhani kuwa kupigana na dhuluma ni kosa. Msimamo huo una uzito kwa sababu adui wa Wamatumbi alikuwa ndiye hasa aliyewalazimisha kulima pamba. Likoni haikuwa hivyo. Mchuuzi aliyechomewa kibanda hakuwa na hatimiliki ya kiwanja cha ufuoni. Mpangaji aliyekimbilia kanisani hakuifuta katiba ya majimbo. Panga lilielekezwa kwa jirani, naye mwenye kushika karatasi za ardhi akalala salama.

Baada ya moto

Matokeo yaliwarudia wenyeji. Watalii waliacha kuja, mahoteli ya Diani yakapunguza wafanyakazi au yakafungwa, na kazi zilizopotea zilikuwemo zile zile ambazo vijana walizidai. Msako wa askari uliingia vijijini, na watu wengi walikamatwa, kukiwa na malalamiko ya mateso. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka wa 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini. Iliikabidhi serikali ripoti yake mwaka wa 1999, lakini wananchi hawakuisoma hadi ilipotolewa mwaka wa 2002. Jina la shetani huchelewa kutajwa hata panapokuwa na watu walioagizwa kulitafuta.

La kuzingatia zaidi ni hili. Sehemu ya lile lililoapiwa msituni ilikuja kupatikana kwa njia nyingine. Katiba iliyopitishwa katika kura ya maoni ya Agosti 2010 ilileta ugatuzi na ikaunda tume ya taifa ya ardhi. Kuanzia 2013 Kwale imekuwa kaunti yenye gavana na bunge lake. Suala la ardhi halijakwisha, lakini hatua hiyo ilipigwa mchana, mbele ya watu, kwa kura zilizohesabiwa.

Hitimisho

Tumejaribu kueleza jinsi vita vinavyovikwa vazi la utakatifu vinavyoweza kuwa na mwenyewe aliyejificha. Tumeona kuwa dhiki ya kweli haimkingi mtu na udanganyifu, na kwamba hiyo ndiyo huwa mlango wake. Tumeona pia kuwa kiapo na kaya si vitu viovu. Mekatilili alivitumia hadharani kuwaunganisha watu wake, na waliovitumia Kaya Bombo waliazima heshima ambayo hawakuijenga.

Mwanafunzi anayeisoma Kinjeketile kwa ajili ya mtihani hufundishwa kutaja dhamira na wahusika. Tunapendekeza kuwa aisome pia kama mwananchi, hasa anayetoka katika maeneo ambako kila msimu wa uchaguzi huja na watu wanaojua vizuri mno yanayowauma vijana. Mtu wa namna hiyo akija na ahadi, na aulizwe waziwazi, mbele ya wazee na mchana kweupe: wewe ni nani, watoka wapi, wataka nini? Akisema kwamba majibu ni siri, basi amekwisha kujibu.