Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Dawa ya Maumivu ya Michezo

Wanafunzi wa wilaya za Tarime na Serengeti wanapojiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, mazoezi huongezeka ghafla, mara nyingi kwenye viwanja vikavu na vigumu. Mguu unapouma, wengi hununua kidonge ili mchezaji arudi uwanjani jioni ileile. Mtumiaji anapaswa kufahamu kwamba kidonge hicho hupunguza maumivu tu. Hakiungi kano iliyochanika wala mfupa ulioanza kupata ufa.

Chanzo cha tatizo

Yapo majeraha ya ghafla, kama vile kuteguka kifundo cha mguu. Yapo pia yanayojengeka polepole kwa kurudia zoezi lilelile bila mapumziko. Hayo huanza kwa maumivu ya muundi, goti au kisigino. Watoto wanaokua huathirika zaidi, kwa kuwa mifupa yao haijakomaa.

Kinga

Pasha mwili joto kwa dakika 10 kabla ya mchezo. Ongeza mazoezi kidogo kidogo, na pumzika angalau siku moja kwa wiki. Ununuapo viatu vya mtumba, kagua soli: iliyolika upande mmoja huupinda mguu.

Huduma ya kwanza

Acha kucheza mara moja. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, au kitambaa cha maji baridi, kwa dakika 15 hadi 20, kisha rudia baada ya saa chache. Funga bandeji bila kukaza mno na uinue mguu. Katika saa 48 za mwanzo usichue wala kukanda kwa maji ya moto, kwani uvimbe huongezeka.

Dukani

Nunua katika duka lililosajiliwa, kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na udai risiti. Diklofenaki na ibuprofeni ni za kundi moja, usizitumie pamoja. Mweleze muuzaji iwapo una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ujauzito. Mwili uliopungukiwa maji kwa jua na mazoezi huziweka figo katika hatari zaidi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24. Mtoto asipewe aspirini bila agizo la daktari. Usikubali kudungwa sindano ya maumivu dukani.

Nenda hospitali iwapo:

- huwezi kukanyaga hatua nne;
- kiungo kimepinda au kimekufa ganzi;
- maumivu yako sehemu moja ya mfupa na hukuamsha usiku;
- uvimbe haujapungua baada ya siku tatu.

Mgonjwa wa namna hiyo asivutwe wala kuchuliwa kabla ya kupigwa picha ya eksirei. Mzazi au mwalimu asimruhusu mchezaji kurudi uwanjani maadamu bado anahitaji dawa ili aweze kukimbia.