Kompyuta Inavyopokea Habari kutoka Vifaa Vingi

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa zimo katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Wakulima wengi wa huko hulima korosho na ufuta. Vyama vyao vya msingi, pamoja na vile vya Wilaya ya Liwale, vimejiunga katika chama kikuu cha ushirika kiitwacho RUNALI. Litazame jina hilo kwa makini. Limeundwa kwa mianzo ya majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi. Hapo korosho hupimwa kwa mizani, uzito huandikwa, na mzigo hupelekwa ghalani kungoja mnada. Utaratibu huu huitwa stakabadhi ghalani. Ulianza kutumika kwa zao la korosho mwaka 2007 katika Mkoa wa Mtwara, kisha ukaenea. Mwaka 2024 minada ya korosho iliendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania.

Mkulima hulipwa kwa kufuata uzito ulioandikwa. Namba hiyo ikiharibika njiani, jasho la msimu mzima huharibika pamoja nayo. Katika somo hili utajifunza jinsi namba inavyosafiri kutoka katika mizani hadi katika kompyuta, na kwa nini kompyuta hufundishwa kwanza kabla haijaweza kuipokea.

Kusafiri kwa mfululizo

Zamani Nachingwea ilikuwa na reli. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni, nayo ilielekea pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa. Katika njia moja ya reli mabehewa hayawezi kwenda sambamba. Behewa moja hutangulia, la pili hufuata, la tatu hufuata.

Habari hupita vivyo hivyo katika waya mmoja. Kompyuta hutumia tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti. Biti zinapofuatana moja baada ya nyingine katika waya mmoja, tunasema habari inasafiri kwa mfululizo. Mahali ambapo waya huo huingia katika kompyuta huitwa mlango wa mfululizo.

Mizani nyingi za kielektroniki zina mlango wa namna hii. Kanuni zake, ziitwazo RS-232, zilitolewa nchini Marekani mwaka 1960, na zingali zikitumika. Kwa kanuni hizo, umeme wa volti chanya kati ya 3 na 15 maana yake ni 0. Umeme wa volti hasi kati ya 3 na 15 maana yake ni 1. Mlango wa kawaida wa kompyuta una pini 9. Pini ya 2 hupokea, pini ya 3 hutuma, na pini ya 5 ni njia ya kurudishia umeme.

Kila herufi na kila tarakimu ya kawaida ina namba yake. Herufi N, inayoanza jina la Nachingwea, ni namba 78. Tuiandike kwa biti nane:

Thamani: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1
Biti: 0, 1, 0, 0, 1, 1, 1, 0

Jumlisha thamani zilizo juu ya 1. Utapata 64 + 8 + 4 + 2 = 78.

Biti hizi zinapotumwa, ile ya kulia kabisa hutangulia. Mbele yake huwekwa biti moja ya 0, kama mtu anayebisha hodi. Nyuma ya zote huwekwa biti moja ya 1, kama mtu anayeaga. Kwa hiyo herufi moja huhitaji biti 10.

Jaribio: Kupatana juu ya mwendo

Vifaa: kipande cha ubao cha kugonga, kijiti, karatasi na kalamu.

Njia:
1. Chagueni wanafunzi watatu: mgongaji, mtumaji na mpokeaji.
2. Mtumaji ainue mkono. Mkono ulioinuliwa ni 1, mkono ulioshushwa ni 0. Wakati hakuna ujumbe, mkono hukaa juu.
3. Mgongaji agonge polepole, kwa mwendo usiobadilika. Kwa kila pigo mtumaji aoneshe biti moja, kwa mpango huu: 0, 0, 1, 1, 1, 0, 0, 1, 0, 1.
4. Mpokeaji aandike biti moja kwa kila pigo. Aondoe biti ya kwanza na ya mwisho, kisha azigeuze zilizobaki zianzie kulia.
5. Rudieni jaribio. Safari hii mpokeaji aandike biti mbili kwa kila pigo, naye aache kuandika akifikisha biti 10.

Mmeona nini?

Safari ya kwanza mpokeaji alipata 01001110, yaani 78. Hiyo ndiyo herufi N. Safari ya pili aliandika 0, 0, 0, 0, 1, 1, 1, 1, 1, 1. Alipoondoa biti za mwanzo na mwisho na kugeuza zilizobaki, alipata 11111000. Jumlisha thamani zake: 128 + 64 + 32 + 16 + 8 = 248. Ujumbe uliotumwa ni 78, lakini uliopokewa ni 248.

Fikiri juu ya jambo moja zaidi. Ujumbe wa pili ulianza kwa 0 na kuisha kwa 1, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo mpokeaji hakuwa na njia ya kutambua kwamba amekosea. Hii ndiyo sababu mizani na kompyuta lazima zipatane kwanza juu ya mwendo. Mwendo unaotumika sana ni biti 9,600 kwa sekunde. Kwa kuwa kila alama huhitaji biti 10, mwendo huo hupitisha alama 960 kila sekunde.

Kadi ya milango mingi

Tufikirie ghala moja lenye mizani nne, mashine mbili za kuchapa stakabadhi na vifaa vingine viwili. Jumla ni vifaa vinane. Kompyuta nyingi za mezani zilikuwa na mlango mmoja au miwili ya mfululizo, na nyingi za siku hizi hazina hata mmoja. Tufanyeje?

Jibu ni kadi ya milango mingi. Hii ni bamba dogo la saketi linalopachikwa ndani ya kompyuta. Kadi ya milango minane mara nyingi hutoa kebo moja nene iliyogawanyika ncha nane. Mafundi huifananisha na pweza, kwa kuwa pweza naye ana mikono minane.

Kila mlango katika kadi una nafasi ndogo ya kuwekea alama zinazoingia. Chipu moja iliyotumika sana, iitwayo 16550A, ina nafasi ya alama 16 tu zinazopokewa. Kwa mwendo wa alama 960 kwa sekunde, nafasi hiyo hujaa kwa muda wa sehemu moja ya sitini ya sekunde. Alama zisipoondolewa mapema, zinazofuata hukosa mahali pa kukaa, nazo hupotea.

Sasa ona hatari iliyopo. Mizani imetuma uzito wa kilo 106. Alama ya 0 imepotea kwa kukosa nafasi. Kompyuta imeandika kilo 16. Korosho zote zimo ghalani, lakini kilo 90 hazimo katika stakabadhi. Tena hakuna mtu aliyeiba.

Kazi ya kiendeshi

Ni nani basi anayeondoa alama hizo kwa wakati? Ni programu maalumu iitwayo kiendeshi. Kiendeshi ni maelezo yanayoifundisha kompyuta namna ya kukitumia kifaa fulani.

Kompyuta inapowashwa hutambua kwamba kuna kadi ndani yake, kwa sababu kadi hutaja namba ya mtengenezaji na namba ya aina yake. Hata hivyo, kuitambua kadi si kujua kuitumia. Unaweza kumwona mgeni mlangoni na kulisikia jina lake, lakini kama hujui lugha yake hamtazungumza. Kiendeshi ni mkalimani kati ya kadi na programu nyingine za kompyuta.

Alama zinapoingia, kadi hubisha hodi kwa kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta. Kichakataji huacha kwa kitambo kazi kiliyokuwa kikifanya na kukiita kiendeshi. Katika kadi nyingi milango yote hutumia hodi moja. Kwa hiyo kiendeshi hukagua ni mlango upi ulioita, huchukua alama zake, na huzipeleka kwa programu inayozihitaji. Ikiwa milango yote minane inapokea kwa pamoja, kiendeshi huhudumia alama 7,680 kila sekunde.

Kuweka kadi na kiendeshi

Fundi mwangalifu hufuata hatua hizi:
1. Husoma jina na namba ya kadi. Kadi mbili zinazofanana kwa sura zaweza kuhitaji viendeshi tofauti.
2. Huangalia mfumo endeshi wa kompyuta, na kama ni wa biti 32 au 64. Kiendeshi kilichotengenezwa kwa mfumo wa biti 32 hakifanyi kazi katika mfumo wa biti 64.
3. Huchukua kiendeshi kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Programu isiyojulikana ilikotoka yaweza kuwa na virusi. Mahali palipo na mtandao hafifu, hukibeba katika diski mweko kabla ya kuanza safari.
4. Huzima kompyuta na kuchomoa waya wa umeme. Hugusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwili wake uondoke, kwa maana umeme huo waweza kuunguza chipu.
5. Huipachika kadi na kuikaza kwa skrubu.
6. Huwasha kompyuta, hukiweka kiendeshi, kisha hutazama orodha ya vifaa. Kadi ya milango minane lazima ioneshe milango minane mipya.
7. Huandika namba ya kila mlango katika ncha ya kebo yake, ili mizani ya pili isije ikadhaniwa kuwa ya tano.
8. Hujaribu kila mlango. Huunganisha pini ya 2 na pini ya 3 kwa kipande cha waya, kisha hutuma maneno machache. Mlango ukiwa mzima, maneno hayo hurudi yalivyotumwa.

Baada ya hapo mizani huunganishwa. Jiwe la kupimia linalojulikana uzito wake huwekwa juu ya kila mizani, na namba iliyo katika mizani hulinganishwa na ile iliyo katika kompyuta. Kazi haijakwisha mpaka namba hizo mbili zilingane.

Modemu

Kadi za milango mingi zilitumika sana pia kwa modemu. Waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Hupitisha sauti zenye mitetemo kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, wala haupitishi vizuri volti za mlango wa mfululizo. Modemu hugeuza biti kuwa milio, na modemu ya upande wa pili huigeuza milio hiyo kuwa biti tena. Katika kanuni moja ya zamani, iitwayo V.21, kifaa kinachopiga simu hutoa mlio wa mitetemo 980 kwa sekunde kwa ajili ya 1, na mlio wa mitetemo 1,180 kwa ajili ya 0. Mwendo wake ni biti 300 kwa sekunde.

Ofisi iliyotaka kupokea simu nane kwa pamoja ilihitaji modemu nane na milango minane. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 makampuni ya intaneti yalikuwa na safu za modemu. Mwaka 1998 kanuni ya V.90 ilifikisha mwendo wa kupokea biti 56,000 kwa sekunde. Baadaye simu za mkononi zilienea, na mwaka 2009 ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza. Modemu za waya wa simu zikapungua sana. Lakini mlango wa mfululizo haukutoweka. Ungalipo katika mizani, katika mashine za viwandani na katika vifaa vya maabara. Siku hizi watu wengi huuunganisha kwa kebo ya USB, na kebo hiyo nayo huhitaji kiendeshi chake.

Kumbuka

Mashine haijui haki wala dhuluma. Huandika ilichopokea. Ni wajibu wa watu kuhakikisha kwamba ilichopokea ndicho kilichotumwa. Mwanachama wa ushirika ana haki ya kusoma namba iliyo katika mizani na kuilinganisha na ile iliyo katika stakabadhi yake kabla hajaondoka. Wewe unayejua kusoma unaweza kumsaidia mzazi wako kufanya hivyo.

Maswali

1. Eleza maana ya kusafiri kwa mfululizo. Toa mfano wako mwenyewe.
2. Herufi R ni namba 82. Iandike kwa biti nane.
3. Mlango mmoja hupitisha biti 4,800 kwa sekunde. Je, hupitisha alama ngapi kwa sekunde ikiwa kila alama ina biti 10?
4. Kwa nini kompyuta inayoitambua kadi yaweza kushindwa kuitumia?
5. Mizani inaonesha kilo 205, lakini stakabadhi inaonesha kilo 25. Ni kilo ngapi zimepotea? Taja chanzo kimoja kinachowezekana, na useme ungefanya nini hapo hapo.