Mchezo wa Vita Ukimvunja Moyo Mwanao, Usimcheke

Akina mama wapendwa, siku hizi imeingia katika nyumba zetu aina ya huzuni ambayo mama zetu hawakuijua. Kijana anarudi nyumbani amenuna, hataki kula, anajibu kwa mkato. Ukimwuliza kulikoni, anakuambia kwamba gemu jipya la vita alilolingoja kwa miezi mingi limetoka, nalo ni bovu. Wengi wetu tukisikia hivyo tunacheka. Wengine tunafurahi moyoni na kusema, "Afadhali, sasa ataliacha."

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi na kuwahudumia vijana kanisani hapa Nyamuswa tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo hilo. Tumeona kwamba kicheko hicho kinafunga mlango ambao kijana mwenyewe ameufungua, na mlango huo haufunguki kila siku.

Michezo hii ni kitu gani?

Kwa wale ambao hawajapata kuiona, mchezaji huuona uwanja wa vita kwenye kioo kana kwamba anatazama kwa macho ya askari mwenyewe. Haoni mwili wake, anaona mikono tu na mtutu wa bunduki ulio mbele yake. Anakimbia, anajificha, anapiga risasi, na akiuawa anaanza tena. Wengine huchezea mashine ya PlayStation kwenye vibanda vya mjini na vya senta, kwa kulipia. Wengine huchezea kwenye simu kwa kutumia bando, wakishindana na watu wa nchi za mbali ambao hawatakutana nao maishani.

Ulio mashuhuri kuliko yote unaitwa Call of Duty. Ulianza mwaka 2003 kwa visa vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na tangu mwaka 2005 hakuna mwaka uliopita bila toleo kubwa jipya. Huko Ulaya michezo hiyo hupewa alama ya kuonyesha kuwa ni ya watu waliotimiza miaka 18. Huku kwetu alama hiyo haisomwi na mtu, na watoto wa shule ya msingi huingia kibandani pamoja na kaka zao.

Ngoma ikivuma sana

Sasa, ni nini hasa kinachowavunja moyo? Tuchukue mifano inayojulikana duniani kote. Tarehe 10 Novemba 2023 lilitoka toleo la Call of Duty lililoitwa Modern Warfare III. Lilitangazwa kwa kishindo, na bei yake ilikuwa dola 70 za Kimarekani, yaani zaidi ya shilingi 170,000 kwa viwango vya wakati ule. Walionunua walikuta kisa kifupi kinachomalizika kwa saa chache. Viwanja 16 vya kawaida ambavyo timu hupigania vilikuwa vile vile vya toleo la mwaka 2009, vimepambwa upya. Waandishi wanaochambua michezo hiyo walililaumu sana, hasa kile kisa chake, wakasema limetengenezwa kwa haraka.

Mfano wa pili unagusa zaidi vijana wa huku, maana ulikuwa wa simu. Tarehe 21 Machi 2024 ilitolewa Call of Duty: Warzone Mobile. Watu zaidi ya milioni 50 walikuwa wamekwisha kujiandikisha kuusubiri. Lakini ulihitaji simu yenye nguvu, na wachezaji wengi walilalamika kwamba simu zao zilichemka na mchezo kukwama. Haikufika hata miezi 14: tarehe 18 Mei 2025 wenyewe waliuondoa kwenye maduka ya simu, wakieleza kwamba haukufikia matarajio yao.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Walisema pia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vijana wetu wanazijua methali hizo kwa sababu walizikariri shuleni. Lakini kijana anayelalamika kwamba gemu limemdanganya amezijua kwa njia nyingine. Amezijua kwa mfuko wake.

Yaliyompata mama mmoja

Mama mmoja wa kikundi chetu aliuza pamba, akatenga fedha za kumpeleka kijana wake kidato cha tano: godoro, ndoo, sanduku, sare na nauli. Kijana alikuwa akingoja toleo jipya la gemu la vita ambalo simu yake ya zamani isingeliweza. Alichukua sehemu ya fedha zile bila kuaga, akanunua simu ya mtumba yenye kumbukumbu kubwa. Gemu lilipoingia, likakwama, simu ikawa moto kama pasi. Aliyoyaona kwenye matangazo hakuyapata.

Baba alipojua habari ya fedha alitafuta fimbo. Mama alitujia usiku. Alituambia kwamba uchungu wa fedha anao, lakini kinachomtisha ni kwamba kijana amelala siku mbili akitazama ukuta, na sahani yake inarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Tulimshauri aache kwanza habari ya fedha, akae naye, amwulize swali moja tu: ulitazamia kupata nini? Alifanya hivyo. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama, nilidhani nikilipata hili nitatulia. Yale mengine yote nilikuwa nayachoka baada ya wiki mbili."

Tufikiri pamoja juu ya maneno hayo. Ni mara ngapi tumehubiri kwamba tamaa haishibi, na vijana wakapiga miayo? Mhubiri wa Agano la Kale aliliona zamani, kwamba mwanadamu hatosheki na anachokitazama. Kijana huyu alilifikia mwenyewe, kwa njia ya simu iliyokwama. Kama mama angemcheka siku ile, asingelisikia neno hilo kamwe.

Hatusemi kwamba mambo yalikwisha kwa raha. Simu iliuzwa kwa hasara. Kijana alikwenda shuleni na godoro jembamba kuliko la wenzake, na baba yake alichukua majuma kadhaa kabla ya kuzungumza naye vizuri. Lakini alikwenda.

"Haina uhalisia"

Kuna lalamiko jingine tunalolisikia mara kwa mara, nalo lilitushtua tulipolisikia kwa mara ya kwanza. Vijana husema kwamba gemu jipya "halina uhalisia". Maana yake, halifanani vya kutosha na vita vya kweli. Akina mama, mtoto anayesema hivyo amejitia mwenyewe katika mazungumzo tunayoyatafuta. Mwulize kwa upole: uhalisia gani unaoutaka, mwanangu?

Katika michezo hii, askari aliyepigwa risasi hujificha nyuma ya ukuta kwa sekunde chache, damu ikatoweka kwenye kioo, akarudi vitani mzima. Sisi wauguzi tunajua mwili usivyofanya hivyo. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Akipoteza lita 2 yuko ukingoni mwa kifo. Mfuko mmoja wa damu anayoitoa mchangiaji ni mililita 450 hivi, kwa hiyo kumrudishia majeruhi huyo damu yake ni lazima wapatikane watu wanne au watano walio tayari kunyoosha mkono. Mfupa uliovunjwa na risasi hukaa miezi kabla ya kuunga, na mara nyingi kidonda huingia uchafu, na pengine mguu hukatwa. Baada ya hapo yupo mtu wa kumwosha, kumgeuza kitandani na kumlisha. Kwa kawaida mtu huyo ni mama yake au mke wake. Katika gemu sisi hatumo.

Tena, mkoa wetu wa Mara hauhitaji kuagiza habari za vita kutoka Marekani. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera, ng'ambo ya pili ya ziwa letu hili. Vijana wengi wa Mara walikuwa jeshini, na wengine walikwenda wakiwa mgambo. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na vita vikamalizika mwezi Juni. Baadhi ya mashujaa wetu wamelala katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba. Waliobaki nyumbani nao walilipa. Jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini shida ilidumu zaidi ya hapo. Mama zetu walipanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni na kilo ya sukari, na wengi walifua kwa majani.

Wazee waliorudi kutoka vita vile bado wapo katika vijiji vyetu, ingawa wanapungua kila mwaka. Mpeleke kijana wako akamsalimie mmoja wao, achukue na kitoweo. Asiulize ameua watu wangapi. Aulize walikula nini, walilala wapi mvua ikinyesha, na nani hakurudi. Vijana wawili wa darasa letu la kanisani walifanya hivyo. Mzee aliwasimulia habari za rafiki yake aliyekuwa akigawana naye kikombe kimoja cha chai, kisha akanyamaza, akainuka na kwenda kuangalia ng'ombe wake. Vijana wale walirudi kimya. Walituambia kwamba kule kunyamaza kwake ndiko kuliwaingia zaidi.

Je, tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tusizidishe hofu. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kila anayecheza gemu la vita atakuwa mwuaji. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba michezo hiyo ina uhusiano na ukali mdogo mdogo, kama kufokeana na kusukumana, lakini si haki kuitwisha lawama ya mauaji. Tukisema uongo ili kumtisha mtoto, atagundua, na siku nyingine hatatusikiliza.

Pili, tujue dalili za hatari. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa kutawaliwa na gemu katika orodha yake ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, gemu linatangulia mambo mengine yote ya maisha, naye anaendelea ingawa anaona madhara, kama kufeli shule au kugombana na nyumba nzima. Kwa kawaida hali hiyo huwa imeendelea kwa miezi 12. Ukiiona kwa mwanao, mpeleke kituo cha afya kama ambavyo ungempeleka kwa malaria. Usimwonee aibu.

Tatu, tulinde usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Simu zote za nyumba, na yako mama ikiwemo, zilale sebuleni. Kanuni inayomhusu mtoto peke yake haidumu.

Nne, kibanda ukifahamu. Nenda mchana, msalimie mwenye kibanda, mwulize watoto wanacheza nini na hadi saa ngapi. Wengi wa wenye vibanda ni vijana wetu wanaojitafutia riziki, na ukizungumza nao kwa heshima watakubali kuwarudisha nyumbani watoto wadogo jioni.

Tano, baba ashirikishwe kabla hajafikia fimbo. Kijana aliyekwisha kujua kwamba amedanganywa ana aibu ya kutosha. Anahitaji kupewa kazi ya kurudisha alichopoteza, kama vile palizi, kuchunga au kuchota maji, pamoja na mtu wa kuzungumza naye wakati anaifanya.

Mwisho

Mwakani litatangazwa toleo jingine, nalo litasifiwa kuliko yote yaliyopita. Hatuna uwezo wa kulizuia lisifike Nyamuswa. Tunachokiweza ni kuwa karibu siku ile mwanetu anapokuja na uso mrefu na kusema, "Mama, limenidanganya." Siku hiyo tuweke chini ungo wa mtama, tumpishe akae, tumsikilize mpaka amalize. Kisha tumwambie habari za Mungu ambaye nabii Isaya alimwona akiwafundisha mataifa kugeuza silaha zao kuwa zana za kulimia. Sisi watu wa jembe tunaelewa upesi uzuri wa ahadi hiyo, na mtoto aliyechoka na bunduki za kwenye kioo anaweza kuwa tayari kuisikia.

Bwana atupe subira na masikio yanayosikia.